Neno la Muuza Vitabu: Historia ya Kupendekezewa Riwaya ya Kiswahili, Ikitazamwa kutoka Isiolo

Historia ya riwaya ya Kiswahili imekwisha kuandikwa mara nyingi, na aghalabu huandikwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza humfuata mwandishi: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliandika nini na mwaka gani. Njia ya pili huifuata kazi yenyewe: maudhui yake, fani yake, na itikadi inayoibeba. Katika njia zote mbili yuko mtu mmoja asiyepewa hata aya. Huyo ni yule asimamaye nyuma ya kaunta ya duka la vitabu na kumwambia mnunuzi, "Chukua hiki, kimetoka juzi, nimekisoma mwenyewe." Makala haya yana nia ya kumtafutia mtu huyo nafasi katika historia yetu ya fasihi, na kueleza kwa nini nchini Kenya amekuwa adimu. Nitajaribu pia kuonyesha ni akina nani waliofanya kazi yake kwa niaba yake, na hasara iliyopatikana kwa sababu hiyo.

Mtu ataweza kuuliza: kwa nini Isiolo, wala si Nairobi au Mombasa ambako maduka ya vitabu ni mengi? Jibu ni kwamba palipo na wingi ni vigumu kuona upungufu. Isiolo iko yapata kilomita 280 kaskazini ya Nairobi, mahali ambapo nyanda za juu za Meru huishia na nchi kavu huanza. Ni mji wa Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru, na sokoni kwake watu hawa hukutana kwa Kiswahili kwa kuwa hakuna lugha nyingine inayowatosha wote. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti nzima ilihesabiwa watu 268,002. Basi hapa pana jambo la kustahili kuangaliwa na wanazuoni: mji ambao Kiswahili ndicho mshipa wake wa kila siku, ilhali riwaya mpya ya Kiswahili haifiki humo ila ikiwa imetumwa na mtihani.

Isiolo ilikuwa lango kabla ya kuwa mji wa kawaida. Katika zama za ukoloni ilikuwa makao ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na wakazi wake wa mwanzo walikuwamo askari wa Kisomali waliostaafu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Sheria za kikoloni za mwaka 1902 na 1934 ziliifanya kaskazini nchi iliyofungwa. Mtu hakuingia wala kutoka bila ya kibali. Baada ya uhuru lango halikuondoka. Serikali ilitangaza hali ya hatari mwezi Desemba 1963, vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi 1967, na kanuni za hali ya hatari hazikufutwa kabisa hadi mwaka 1991. Lami nayo ilikomea hapo kwa miongo mingi. Barabara ya Isiolo kwenda Moyale haikukamilika ila katika muongo wa pili wa karne hii. Si ajabu kwamba watu wa huko walizoea kusema "naenda Kenya" wanaposafiri kusini. Mahali ambapo hata msafiri huandikwa jina kizuizini, kitabu hakiwezi kupita ila kiwe na mtu wa kukisindikiza. Na msindikizaji wa kitabu ndiye mada yetu.

Tuanze na wamishonari, maana wao ndio waliokuwa wauza vitabu wa mwanzo katika sehemu kubwa ya Kenya ya bara. Duka la vitabu la Church Missionary Society mjini Nairobi lilikabidhiwa kwa Charles Richards mwaka 1935. Jina hili tutalikuta tena punde, na ningependa msomaji alikumbuke, kwa kuwa linaonyesha jambo ambalo watafiti wetu hulipita haraka: mtu aliyekuja kuongoza uchapishaji wa vitabu katika nchi zote tatu za Afrika ya Mashariki alianza akiwa muuza vitabu. Kile kilichokuwamo katika maduka ya namna hiyo kilikuwa Biblia, vitabu vya sala, vitabu vya kujifunzia kusoma, na tafsiri. Katika miaka ya 1920 na 1930 msomaji wa Kiswahili alipewa Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kisiwa chenye Hazina, Safari za Gulliver na Hekaya za Abunuwasi. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa na mamlaka ya kutia ithibati katika vitabu vya shule, na kitabu kisichokuwa na ithibati yake kilikuwa na njia nyembamba mno. James Mbotela wa Freretown alipotoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934 alipita katika mlango huohuo.

Yafaa tukiri kwamba ithibati ile nayo ilikuwa pendekezo. Ilimwambia mwalimu: kitabu hiki ni salama. Lakini pendekezo la namna hii halimwambii msomaji kama kitabu kitampendeza. Linamhakikishia mkubwa wake kwamba hakitamharibu. Tofauti hii ndiyo itakayotuongoza, kwani kila aliyempendekezea Mkenya riwaya tangu wakati huo, isipokuwa wachache, amependekeza kwa niaba ya mtu mwingine.

Mwaka 1948 ilianza kazi Halmashauri ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa ni yuleyule Richards. Halmashauri hii imelaumiwa sana na wahakiki wa baadaye, na baadhi ya lawama zao ni za haki: ilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni, na ilipendelea maandishi yasiyoitikisa serikali hiyo. Hata hivyo, nadhani hatujaitendea haki katika upande mmoja. Ilifahamu kwamba kuchapa hakutoshi. Ilitengeneza masanduku ya vitabu yaliyopelekwa mashambani, na ikaanzisha maktaba ya posta ambayo mtu wa mbali aliweza kuazima kwayo kitabu kwa barua. Iliandaa pia mashindano ya uandishi. Ni katika mashindano yake ya mwaka 1957 na 1958 ambapo Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Huyu Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, hakuletwa kwa wasomaji na mtaala wa shule. Aliletwa na tuzo, kisha akaenea kwa midomo ya watu.

Hapa niingize neno la kando. Wenzetu wengi huiona riwaya ya upelelezi kuwa ni fasihi ya daraja la chini, na nimeyasikia hayo katika semina zaidi ya moja. Lakini ukitaka kujua ni kitabu gani kiliwahi kusomwa na watu wasiolazimishwa, itakubidi uanze hapo. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ilitolewa na Halmashauri hiyohiyo mwaka 1974. Mjini Nairobi, David Maillu alianzisha kampuni yake ya Comb Books mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuuza vitabu vidogo vya bei nafuu, vingi vyao kwa Kiingereza, mpaka Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Wauzaji wa vitabu hivi walikuwa wachuuzi wa njiani. Mchuuzi wa njiani hana nafasi ya kuweka asichokijua, maana mali yake yote ni kipande cha turubai. Kwa hiyo anachokitandaza ni hukumu yake, naye anaitetea kwa maneno mbele ya mpita njia. Kama tungekuwa na rekodi za maneno hayo, tungekuwa na hazina ya uhakiki isiyopatikana katika maktaba yoyote ya chuo.

Mkabala wa Rosa Mistika wathibitisha jambo hilo kwa njia ya kinyume. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971 kupitia Halmashauri, nayo ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuwa ilisema waziwazi juu ya msichana, mwili wake, na ukali wa baba uliomwangamiza. Marufuku nayo ni pendekezo, tena lenye nguvu. Kitabu kilisomwa, kikazungumzwa, na baada ya miaka kikarudi katika vyumba vya madarasa vilivyokikataa. Kezilahabi alifariki Januari 2020, akiwa ameacha riwaya ambazo mlango wake wa kwanza kwa wasomaji wengi ulikuwa ni katazo.

Mpaka wa Namanga

Mwaka 1977 ni mwaka ambao historia yetu ya fasihi huutaja kwa sababu za siasa na kuusahau kwa sababu za biashara. Mwezi Februari mpaka kati ya Kenya na Tanzania ulifungwa. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Na Halmashauri ya Vitabu ikafa pamoja nayo. Kenya iliunda chombo chake cha kurithi, Kenya Literature Bureau, kwa sheria ya mwaka 1980. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983.

Kwa muda wa miaka zaidi ya sita, basi, soko la kitabu cha Kiswahili lilikatwa katikati. Gamba la Nyoka ya Kezilahabi ilitolewa Arusha mwaka 1979. Kutoka Arusha hadi Namanga si mbali, lakini Namanga palikuwa pamefungwa. Kinyume chake, Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, alichapishwa Nairobi: Utengano na Dunia Mti Mkavu zote zilitolewa na Longman Kenya mwaka 1980. Twaweza kusema kwamba msomaji wa Kenya alimjua Said Ahmed Mohamed mapema na Kezilahabi wa baadaye kwa kuchelewa, na hakuna mhakiki aliyeamua hivyo. Forodha ndiyo iliyoamua. Maoni yangu ni kwamba sehemu ya kile tunachokiita ladha ya wasomaji wa Kenya, yaani kuipenda riwaya ya uhalisia wa kijamii yenye njama iliyo wazi, ilijengwa na hali hii ya upatikanaji kama ilivyojengwa na mafunzo ya walimu. Sina haja ya kulitia chumvi jambo hili. Hata hivyo, yeyote atakayeandika upya historia ya riwaya katika miaka ile hana budi kuitazama ramani ya malori pamoja na ramani ya mawazo.

Mtihani na mwongozo

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, ukifuata ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981, nao ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Hapana shaka kwamba uamuzi huu ndio uliokiokoa kitabu cha Kiswahili nchini Kenya. Waandishi walipata wasomaji maelfu kwa maelfu, wachapishaji wakapata faida, na idara zetu zikapata wanafunzi. Sisi sote tulio katika kazi hii tunakula mkate wa uamuzi ule, na ingekuwa utovu wa fadhila kuusema vibaya.

Lakini uamuzi huo ulizaa mpendekezaji mmoja aliyewameza wengine wote: jopo la kuteua vitabu vya kutahiniwa. Utengano, Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani, Siku Njema na baadaye Kidagaa Kimemwozea za Ken Walibora, Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi: hizi ni riwaya nzuri, na baadhi yake ni bora. Ubovu haukuwa katika uteuzi wenyewe. Ubovu ulikuwa kwamba, kwa wakati mmoja, taifa zima lilikuwa na riwaya moja. Riwaya iliyoteuliwa iliuzwa katika kila mji, ikaibiwa na wachapaji wa magendo, ikaandikiwa miongozo. Riwaya isiyoteuliwa, hata ingekuwa ya mwandishi yuleyule, ilikaa ghalani Nairobi.

Mwongozo wastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu ndio umbo pekee la mapendekezo ambalo Mkenya wa kawaida amelizoea. Kwa umbo lake ni kijitabu chembamba chenye muhtasari wa kila sura, orodha ya maudhui, wasifu wa wahusika, mbinu za lugha, na maswali ya marudio. Wengi wetu tumeiandika, na haikuwa kwa ajili ya sifa. Mwongozo haumwambii msomaji kwa nini asome. Unamfundisha namna ya kutosoma na bado akapita. Muuza vitabu akimwambia mteja neno juu ya riwaya, humwonjesha kisha akanyamaza, asiponyamaza hauzi. Mwongozo hauwezi kunyamaza. Siku Njema, kwa mfano, ni hadithi ya kijana anayesafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Ukimpa kijana wa Isiolo maneno hayo tu, yeye ambaye kwake kila jambo kubwa ni safari, atakitaka kitabu. Ukimpa "dhamira ya ukengeushi, alama tano," atakitupa siku ya mwisho ya mtihani. Walibora, aliyefariki Aprili 2020, alikuwa na bahati ya kusomwa na wengi namna hiyo ya pili, lakini hata hivyo wakampenda.

Sasa tutazame duka lenyewe. Duka la vitabu katika mji wa kiasi cha Isiolo, kama ilivyo katika miji mingi ya Kenya isiyo mikubwa, huwa kwanza ni duka la vifaa vya shule. Madaftari, kalamu, seti za jiometri, karatasi za manila, na chaki zamani, ndivyo vilivyolipa kodi ya nyumba. Vitabu vya kiada vilileta faida ya mwezi Januari. Riwaya, kama ipo, ni ile ya mtihani. Hali hii haikutokana na uvivu wa mwenye duka. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 2003, fedha za vitabu zilipelekwa shuleni na shule zikanunua kwa wauzaji wa karibu, kutoka katika orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na wizara. Biashara hiyo ndiyo iliyomwezesha muuza vitabu wa mbali kufungua mlango, na palipobaki akiba angaliweza kuagiza nakala mbili tatu za kitabu ambacho hakikuombwa na mtu.

Mambo mawili yaliibana akiba hiyo. La kwanza ni Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013, iliyovitoza vitabu asilimia 16. La pili ni kwamba kuanzia Januari 2018 serikali ilivinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka hadi shuleni, bila ya kupitia dukani. Nia ilikuwa njema: kila mwanafunzi apate kitabu chake, na ulaji rushwa wa mahali upunguzwe. Kwa mtoto wa shule ya mbali katika kaunti kama Isiolo, kitabu kilichofika bila ya malipo ni neema isiyopuuzwa, na mimi siko miongoni mwa wanaotaka mtoto huyo arudi kushirikiana kitabu kimoja na wenziwe watano. Ila gharama iliyobaki haikuandikwa katika hesabu yoyote. Muuza vitabu aliondolewa kati, na alipoondolewa aliondoka pamoja na rafu ambayo riwaya ingeliweza kuegemea. Maktaba za taifa, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1965, zimejitahidi kuziba pengo. Ngamia wa maktaba walioanza kuzunguka upande wa Garissa na Wajir mwezi Oktoba 1996 wamesifiwa duniani kote. Hata hivyo maktaba huazimisha kilichonunuliwa na mtu mwingine, na ngamia, pamoja na heshima zake, hana maoni juu ya riwaya.

Mifano ya ng'ambo

Katika mji wa Uingereza nilikosomea shahada ya uzamili niliona desturi iliyonishangaza kwa udogo wake. Chini ya vitabu kadhaa katika duka lisilokuwa la kampuni kubwa palibandikwa vikadi vilivyoandikwa kwa mkono na wafanyakazi wa duka. Kila kadi ilikuwa na sentensi tatu au nne na jina la kwanza la mwandishi wake. Wateja walizisoma kadi kabla ya kuvisoma vitabu, na baada ya muda walimjua nani ana ladha inayolingana na yao. Nilidhani mwanzoni ni ujanja wa kibiashara tu. Kweli ni ujanja wa kibiashara, lakini una historia. Kwa karibu karne nzima, tangu 1900, wauza vitabu wa Uingereza walilindwa na mapatano ya bei moja: duka kubwa halikuweza kuuza riwaya mpya kwa bei ya chini kuliko duka dogo. Mapatano hayo yalipoanguka katika miaka ya 1990, duka dogo halikuweza tena kushindana kwa bei, kwa hiyo likashika silaha ambayo duka kubwa lisingeweza kuinunua kwa urahisi, nayo ni mtu aliyesoma. Nchini Japani jambo hili lilifikishwa mbali zaidi: tangu mwaka 2004 wafanyakazi wa maduka ya vitabu hupiga kura na kutoa tuzo yao wenyewe kwa riwaya ambayo wangependa zaidi kuiuza. Hakuna profesa katika jopo hilo.

Sisemi kwamba tuige. Vikadi vya mkono havitaumba wasomaji mahali ambapo hakuna vitabu. Lakini mfano wa Japani unatuonyesha kwamba neno la muuza vitabu laweza kuwa taasisi, wala si porojo za kaunta, na kwamba taasisi hiyo hukaa mahali pake kati ya tuzo ya wataalamu na orodha ya mtihani.

Kwetu, tuzo zipo. Tuzo ya Jomo Kenyatta ilimwendea Abdilatif Abdalla mwaka 1974 kwa diwani yake Sauti ya Dhiki, iliyotungwa gerezani. Ni moja ya maamuzi yaliyoipa heshima tuzo yoyote katika nchi hizi. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati na Chuo Kikuu cha Cornell ilianzishwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikamtoa Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu, kisha wakafuata Ali Hilal Ali kwa Mmeza Fupa mwaka 2017, Zainab Alwi Baharoon kwa Mungu Hakopeshwa mwaka 2018, na Halfani Sudy kwa Kirusi Kipya mwaka 2021. Tanzania ikaanza kutoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere mwaka 2023. Miswada inapatikana, basi, na waandishi wapya wapo. Wengi wao ni Watanzania, nao wanachapishwa Dar es Salaam. Swali letu ni lilelile la Namanga, japo lango liko wazi: ni nani anayekibeba kitabu hiki hadi Isiolo na kusema neno juu yake?

Katika Nairobi dalili zipo. Duka la Nuria, lililoko Moi Avenue, limejijengea jina kwa kuwapokea waandishi wanaojichapishia, ambao maduka ya zamani yaliwafungia mlango, na kuwapelekea wateja wa mbali vitabu kwa njia ya mizigo ya mabasi. Soma Nami nao wamejenga duka juu ya vitabu vya Kiafrika na mazungumzo juu yake. Dar es Salaam, Soma ya Mikocheni imeunganisha kitabu na kahawa na kikao cha wasomaji. Riwaya ya Kiswahili haijapata katika maduka ya Nairobi nafasi inayolingana na riwaya ya Kiingereza, na hili si kosa la wauzaji peke yao. Mteja wa riwaya ya Kiswahili amefunzwa tangu utotoni kwamba riwaya ya Kiswahili ni kazi ya shule.

Idara zetu zina sehemu katika funzo hilo. Tumeandika juu ya uhalisiajabu katika Nagona na Mzingile kwa lugha ambayo hata walimu wa sekondari huikimbia, na hatujamwandikia mwenye duka sentensi tatu. Kazi ya kupendekeza imeonekana kuwa chini ya hadhi ya msomi. Mimi naona ni mtihani mgumu kuliko tasnifu: kusema ukweli juu ya riwaya kwa maneno machache, kwa mtu ambaye fedha yake ingeweza kununua unga.

Ili nisionekane kuwa natoa hoja tupu, nitajaribu. Tuchukulie kwamba liko duka Isiolo lenye nafasi ya riwaya nne zisizokuwa za mtihani, na kwamba mwenye duka ametuomba msaada.

Ya kwanza ningempa Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Si mpya kwa tarehe, lakini kitabu ambacho hakijawahi kufika mahali ni kipya mahali hapo. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anarushwa angani na kuangukia nchi ambayo watu wake wanaishi kwa haki. Na jina la nchi, ukilikata vipande, lasema wale ni sisi. Msomaji aliyekulia upande wa pili wa kizuizi ataelewa upesi nani ni "wale." Mkangi mwenyewe alipata kufungwa bila ya kushtakiwa katika miaka ya 1980, na hilo laongeza uzito bila ya kuhitaji kuandikwa kwenye kadi.

Ya pili, Mungu Hakopeshwa. Ni riwaya ya nyumba moja ya Zanzibar na baba anayeitawala kwa mali na ukali. Mwenye duka aiweke mahali ambapo wanawake wanaokuja kununua madaftari ya watoto wataiona.

Ya tatu, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, ambamo mzimu wa babu unamjia mkubwa wa serikali na kumdai hesabu ya alichowafanyia watu. Hii ni ngumu kidogo, na kadi yake iseme hivyo bila ya kuficha. Mteja akidanganywa mara moja kwamba kitabu ni chepesi, hatarudi kuuliza tena.

Ya nne ni Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ida Hadjivayanis aliifasiri, nayo ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, miaka 28 baada ya kutoka kwa Kiingereza. Kijana Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri ili kulipa deni, kisha anaingia bara pamoja na msafara, akipita kwa watu wenye lugha nyingi, huku Wajerumani wakizidi kuishika nchi. Kwa mnunuzi wa Isiolo sioni haja ya kumweleza msafara ni nini, wala deni, wala tajiri amwitaye mtumwa wake mwana. Kadi ya kitabu hiki ingekuwa fupi kuliko zote: kwamba kinasimulia safari kutoka pwani kuingia ndani, na kwamba kimekuja kwa lugha ambayo wasafiri wenyewe waliisema.

Nakala ya kila kimoja yatosha kwa kuanzia. Kikinunuliwa, mwenye duka aandike jina la kitabu na siku kilipotoka katika daftari lake la mauzo, na asiandike jina la mnunuzi. Daftari za namna hiyo, kama zingehifadhiwa kwa miaka 10 katika miji mitano au sita ya kaskazini, zingempa mtafiti wa fasihi ya Kiswahili ushahidi ambao hadi leo hatuna.